Somo la Kisiki cha Mbuni

Katika lugha yetu ya Kinyarwanda, mtu akifiwa, akifeli mtihani, akiugua au akiibiwa, huambiwa neno moja: "Ihangane." Wakiwa wengi huambiwa, "Mwihangane." Kwa Kiswahili neno hilo linakaribia "pole," lakini si pole hasa. Pole humpa mtu huruma. "Ihangane" humpa kazi. Humwambia: vumilia, jikaze, stahimili. Mwaka 2021 niliambiwa neno hilo mara nyingi mno hata nikaanza kulichukia. Nikajiuliza swali ambalo ndilo ninalotaka kulijadili katika insha hii: je, kukubali yaliyotupata ni sawa na kushindwa? Na kama si sawa, tofauti yake ni ipi?

Jibu sikulipata kitabuni. Nilianza kulipata shambani, miongoni mwa visiki vya kahawa.

Nyumbani kwetu ni Gashonga, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, sehemu ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu. Ni nchi ya vilima. Ukisimama juu ya kimoja unaona kingine, na katikati yake bonde lenye migomba, maharage, mihogo na kijito. Kwetu kahawa si zao geni. Mibirizi, mahali ambapo wamisionari wa Kikatoliki walianzisha misheni yao mwaka 1903, ni miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa kupandwa kahawa nchini Rwanda, na mpaka leo kuna aina ya kahawa ya arabika inayojulikana duniani kwa jina hilo la Mibirizi. Kwa hiyo mtoto wa Gashonga huujua mbuni kabla ya kuijua kalamu, maana mbuni ndio unaoinunua kalamu yenyewe.

Baba yangu alikuwa na mibuni mia tatu hivi, mingi ikiwa imepandwa na babu. Mbuni ukizeeka hurefuka, ukajaa matawi, lakini buni zake hupungua. Mwaka mmoja unazaa, mwaka unaofuata unakudanganya. Dawa yake ni moja, nayo inatisha: kuukata. Hukatwa wakati wa kiangazi baada ya mavuno, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, tena kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya jeraha. Mti uliokuwa ukimzidi mtu kimo unabaki kisiki kisichofika gotini. Kisha mwenye shamba anangoja. Kwa muda wa miaka miwili hivi hapati kitu kutoka kwenye mti huo.

Kinyarwanda kina neno zuri kwa kazi hiyo: gusazura. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefundishwa kauli ya kutendua: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kukunja na kukunjua. Katika Kinyarwanda pia ipo. Gusaza ni kuzeeka. Gusazura ni kukitendua kile kitendo cha kuzeeka. Lakini tazama jinsi uzee unavyotenduliwa. Mti haurudishwi ujanani kama nguo inayokunjuliwa. Unapoteza karibu kila kitu kinachoonekana, kisha unaanza upya juu ya mizizi ileile ya zamani.

Wataalamu wa kilimo hushauri mkulima akate kwa zamu, sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, ili nyumba isikose kipato. Baba aliujua ushauri huo. Hata hivyo, Agosti 2021 alikata sehemu mbili kati ya tatu za shamba kwa mara moja, mibuni mia mbili. Mama alipomuuliza, alijibu, "Sasa nina nguvu. Nikingoja, nitazeeka pamoja nayo." Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza sekondari, nikangojea kwenda chuo kikuu. Nilimsaidia kubeba matawi. Jioni shamba lilionekana kama mahali palipopita vita.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, baba aliinuka kitandani akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulipooza, na maneno yakamwishia kinywani. Alielewa tulichosema, tulikiona hicho machoni pake, lakini akitaka kujibu ulimi ulimpa neno jingine au haukumpa neno kabisa. Bima ya mituweli ilitusaidia sana hospitalini. Lakini bima hailipi nauli ya mama ya kwenda na kurudi, wala chakula cha mgonjwa, wala haimlipi kibarua wa kulima shamba ambalo mwenyewe hawezi kulilima. Theluthi moja ya mibuni iliyobaki haikutosha. Tuliuza mbuzi wawili. Mimi nikiwa kifungua mimba, nilijua bila kuambiwa kwamba chuo kitangoja.

Asubuhi nilipotoka nje niliviona visiki vile mia mbili, vyeupe pale vilipokatwa, na niliviona vimefanana nasi. Majirani walipita njiani wakasema, "Mwihangane." Nikajibu, "Murakoze," yaani asanteni, kwa mdomo tu. Moyoni nilisema: mnaniomba nikubali. Mimi sikubali.

Watu wanaotaka kumfariji mtu hupenda kumwelekeza kwenye maumbile. Tazama mti, husema, unavyoinama upepo ukipita. Tazama mto. Tazama usiku, baada yake kuna asubuhi. Nilipata ushauri wa namna hiyo kwa wingi. Kabla sijasema ulivyonifaa, niseme kwanza ulivyonikera, maana naamini msomaji naye aliwahi kukereka.

Jambo la kwanza, maumbile si mwalimu mpole. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la ardhi lilipiga Rusizi na Nyamasheke kwetu, na Bukavu ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Nakumbuka sufuria zikianguka zenyewe na mama akinivuta mkono kwa nguvu hata ukaniuma siku mbili. Wengi walikuwa ibadani saa hiyo, na katika wilaya yetu wapo waliokufa ndani ya kanisa lililowaporomokea. Tuko juu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo bara linapasuka polepole. Mpasuko huohuo ndio uliotupatia Ziwa Kivu, ndio unaotoa maji ya moto kule Bugarama, na ndio uliowaua wale waumini. Ardhi haikuwa na nia ya kumfundisha mtu yeyote kitu chochote siku ile. Kwa hiyo anayesema "jifunze kwa maumbile" anapaswa kuniambia ni yapi, na nijifunze nini.

Jambo la pili, maumbile hayana haraka, sisi tunayo. Ukifika Kamembe unaona jinsi ziwa linavyojimimina katika mto Rusizi, nao mto unashuka kwenda Ziwa Tanganyika. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani haikuwa hivyo. Maji ya Kivu yalielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoinuka zikaiziba njia. Ziwa likajaa, likapanda, hatimaye likafurika upande wa kusini na kuupata mto huu. Ni habari nzuri ya kumsimulia mtu aliyefungiwa njia. Lakini ilichukua maelfu ya miaka. Maji hayakuwa na haraka kwa sababu hayakuwa na watoto wa kulipiwa ada. Mama yangu alikuwa nao, na muhula ulikuwa unaanza.

Basi nilifikia mahali pa kusema hivi: maumbile hayafundishi, sisi ndio tunaojifunza. Mzigo wa kuchagua somo lililo la kweli ni wetu. Na somo la kweli ni lile linalovumilia kuulizwa maswali. Nilipata moja tu la namna hiyo.

Mvua za vuli, ambazo sisi tunaziita umuhindo, zilikolea. Mwezi wa Novemba nilikuwa napalilia maharage karibu na visiki, nikaona kwenye ganda la kimojawapo vichomozo vya kijani vidogo kama punje za mtama. Nilikwenda cha pili, navyo vipo. Cha tatu, vipo. Nilikimbia kumwita mama kama mtoto mdogo. Wiki baada ya wiki machipukizi yakakua, kumi, kumi na tano kwenye kisiki kimoja, majani yakimeta kana kwamba yamepakwa mafuta. Nilijiambia: haya ndiyo yale waliyoyasema. Baada ya dhiki faraja. Sasa tungoje tu.

Nilikosea, na baba ndiye aliyenionyesha.

Januari 2022, mvua zilipopungua, tulimpeleka baba shambani kwa mara ya kwanza. Tulimwekea kigoda penye kivuli cha mgomba. Alivitazama visiki vyake kwa muda mrefu. Kisha akainua fimbo kwa mkono wa kushoto, akakigonga kisiki kilichokuwa karibu naye, akasema, "Oya." Hapana. Hilo lilikuwa mojawapo ya maneno machache yaliyombakia. Sikuelewa. Kisiki kilikuwa kimestawi vizuri kuliko vyote, machipukizi yamekizunguka kama ndevu. Baba akaiegemeza fimbo gotini, akaninyooshea vidole vitatu.

Mama ndiye aliyefasiri: "Anasema ubakize matatu."

Nilichukua mkasi. Nikachagua matatu marefu kuliko yote, nikaanza kukata mengine. "Oya!" Baba aligonga tena. Akanielekeza kwa ncha ya fimbo: si lile refu, lile nene lililo chini yake. Si yale mawili yaliyobanana, bali moja la upande huu na moja la upande ule. Si lile lililoota ukingoni juu, ambalo litabanduka likibeba buni. Chipukizi refu lilikuwa limekimbilia juu kwa sababu lilibanwa na wenzake. Urefu wake ulikuwa wa kutafuta jua. Kwa namna hiyo, kisiki kimoja baada ya kingine, "oya" baada ya "oya," nilifundishwa na mtu asiye na maneno.

Siku ya pili baba alitaka kukata mwenyewe. Nilimpa mkasi katika mkono wa kushoto. Akalenga, mkono ukayumba, akalikata chipukizi lilelile aliloniambia nilibakize. Alilitazama pale chini. Akacheka. Kisha akalia, kwa sauti, kama sijapata kumwona mwanamume wa kwetu akilia. Mama alitaka kumrudisha nyumbani. Yeye akajifuta kwa kiganja, akanyoosha fimbo kwenye kisiki kilichofuata.

Kama ningeulizwa kukubali ni nini, ningeisimulia ile dakika moja tu. Lakini insha hudai maelezo, nami nitajaribu kuyatoa.

Kwanza, kukubali ni kusema kweli kuhusu kilichokatwa. Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga, nasi huurudia usemi huo kwa wepesi hata hatuusikii tena. Kwa miezi minne nilikuwa nakataa. Baba akitafuta neno, mimi nililidakia nikamalizia sentensi yake. Nilidhani ninamsaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtaka yule baba wa Agosti, mwenye sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde, na kila nilipommalizia sentensi nilikuwa najaribu kulibandika tawi lililokwisha kuanguka. Kisiki hakifanyi hivyo. Chakula kidogo kilichosalia mizizini hakikipotezi kwa kulitafuta tawi la zamani. Baada ya Januari nilijifunza kukaa kimya mpaka neno lake lije, hata likichukua dakika nzima, hata likija neno lisilo lenyewe.

Pili, na hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu, kukubali ni kuchagua. Nilidhani zipo njia mbili tu: kupigana na yaliyotokea au kukaa chini. Shamba lilinionyesha kwamba anayekaa chini hukosa mavuno hata kama mti wake umechipua. Kisiki kikiachwa na machipukizi yake yote kumi na tano huwa kichaka. Kina majani tele, buni hakina. Aliyekata tamaa haachi kuchipua. Mawazo humwota pande zote: ningekwenda chuoni, ningehamia Kamembe nikauze simu, ningelima mpunga Bugarama, ningevuka kwenda Bukavu. Mimi nilikuwa hivyo. Kila usiku nilikuwa na maisha kumi na tano, na asubuhi sikuwa na hata moja. Jioni ile baada ya kazi nilikaa nikayahesabu, nikabakiza matatu: kumhudumia baba, kulitunza shamba, na kusoma Kiswahili saa mbili kila usiku ili mwaka ukifika nisiende chuoni mikono mitupu. Yale mengine niliyakata. Mengine yalikuwa marefu na mazuri, nikayakata vilevile.

Mwanafalsafa Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa katika dola la Kirumi, alifundisha kwamba mambo mengine yamo katika uwezo wetu na mengine hayamo, na kwamba taabu nyingi za mtu hutokana na kuyachanganya. Nilipokuja kulisikia fundisho hilo darasani nilitabasamu, kwa maana nilikuwa nimelipata kwa fimbo. Kukatwa hakukuwa katika uwezo wetu. Machipukizi yapi yabaki, hilo lilikuwa letu.

Tatu, kisiki hakiwezi kujifunika chenyewe. Shamba lililokatwa linabaki wazi. Jua linaunguza udongo ambao zamani ulikuwa kivulini, na mvua inauchukua kuupeleka bondeni. Ni lazima mtu alete nyasi na majani makavu, aweke matandazo chini ya kila kisiki ili unyevu usikimbie. Mibuni mia mbili inataka matandazo mengi sana, na mimi na mama hatukuyaweza. Jumamosi moja nilisikia sauti za watu njiani. Walikuwa majirani, kila mmoja na mzigo wa nyasi kichwani. Miongoni mwao walikuwamo walewale waliokuwa wakiniambia "mwihangane." Hawakusema kitu safari hii. Walitandaza nyasi, wakanywa maji, wakaenda zao. Siku ile nililisamehe lile neno. Nilielewa kwamba uvumilivu si mali ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani akikaza meno. Unyevu wa mzizi wangu ulilindwa na nyasi za shamba la mwingine.

Kuna pingamizi tatu ambazo msomaji makini anaweza kunitolea, na ni haki azitoe.

Ya kwanza ni kwamba mti hauombolezi. Ni kweli, na ndiyo maana mfano wa mti usitumike kumnyima mtu machozi yake. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alitunga shairi la maombolezo na kumlinganisha na ua. Mfano huo wa ua haukumzuia kumlilia. Baba yangu alilia katikati ya shamba, na baada ya kulia akaendelea. Sidhani kilio kile kilikuwa kinyume cha kukubali. Nadhani kilikuwa mlango wake.

Ya pili ni kwamba si kila kisiki huchipua. Hilo nalo ni kweli. Kati ya vile mia mbili, kumi na kimoja vilikauka kabisa. Tulivingoja mpaka Machi, tukakwaruza ganda, chini yake palikuwa pakavu. Mchwa walikuwa wamekwisha kuingia mizizini. Tuliving'oa, tukapanda miche mipya. Mkono wa kulia wa baba nao haujarudi, na daktari ametuambia tusiutazamie. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kinachokatwa hurudi. Nasema kwamba ni lazima ukwaruze uone. Kung'oa mapema ni kukata tamaa. Kumwagilia kisiki kilichokufa kwa miaka kumi ni kujidanganya. Kati ya hayo mawili hakuna kanuni, kuna macho tu na muda.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Je, hatuwezi kuambiwa tukubali ili tunyamaze? Mkulima akipunjwa kwenye mizani, naye ataambiwa "ihangane"? Mwanamke akipigwa? Hapa nadhani ni lazima tutenganishe vizuri. Lisilo budi hutendwa, lakini mambo mengi yanayoitwa lisilo budi yana budi. Mbuni uliokatwa na mwenyewe kwa ajili ya kuzaa upya, na mbuni uliopatwa na radi, na mbuni uliofyekwa usiku na adui, vyote vinaacha kisiki kilekile, na mzizi hautofautishi. Mtu hutofautisha. Ugonjwa wa baba haukuwa na mtu wa kushtakiwa, tuliukubali. Mizani mbovu ina mwenyewe. Hiyo haikubaliwi, hurekebishwa. Anayetumia neno la uvumilivu kulifunika kosa la mtu analitia neno hilo mchwa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilipanda basi kwenda chuoni. Barabara ya kutoka Kamembe kwenda Huye hupita ndani ya msitu wa Nyungwe, nao huchukua muda mrefu kumalizika, kona baada ya kona, ukungu ukiwa umelala juu ya miti. Kuna mahali msitu hukatika ghafla, ukaona mteremko usio na miti mikubwa, umejaa kangaga tu. Nilidhani ndivyo palivyoumbwa. Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1990 mioto iliteketeza sehemu kubwa za msitu huo. Baada ya moto kangaga waliota kwa wingi, wakafunika ardhi, na miche ya miti ya asili ikakosa mwanga. Mbegu zilikuwapo, mvua ilikuwapo, miaka ikapita, na msitu haukurudi. Ilibidi watu waende na mapanga kuwafyeka kangaga ili miche ipate jua. Mwaka 2023 Nyungwe ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi tulifurahi. Mimi niliwafikiria wale wenye mapanga. Wanaosema kwamba wakati huponya kila kitu wangepita kwenye ule mteremko. Wakati peke yake huotesha kangaga pia.

Mavuno ya kwanza ya maana yalikuja mwaka 2024. Nilikuwa nyumbani. Baba alitaka kuchuma. Mama alimfungia kikapu kidogo kiunoni, naye akachuma kwa mkono wa kushoto, buni moja moja, nyekundu tu, akiziacha zile za kijani kama alivyotufundisha tangu utotoni. Kazi ambayo zamani aliimaliza kwa saa moja ilimchukua asubuhi nzima. Hakuna aliyemharakisha. Mchana nilikibeba kikapu chake pamoja na magunia mengine kwenda kituo cha kuoshea kahawa. Kikapu kile peke yake kisingenunua hata daftari. Nilikibeba juu ya yote.

Sisemi kwamba sasa mambo ni sawa. Mama amechoka kuliko umri wake. Mdogo wangu alipoteza mwaka mmoja wa shule, na mwaka ule hakuna atakayemrudishia. Kuna siku baba hakasiriki na kisiki wala mkono, hukasirika na sisi sote, kwa sababu hana maneno ya kukasirikia kitu kimoja. Siku hizo sijifunzi chochote kwa maumbile. Nakaa naye tu.

Lakini swali langu nimelijibu, angalau kwa kiasi cha kunitosha. Aliyeshindwa na aliyekubali wote wawili wamekatwa, na ukiwatazama kwa mbali wakati wa kiangazi huwezi kuwatofautisha. Tofauti huonekana mvua zikinyesha, pale mmoja anapoinuka kutafuta mkasi. Nami nikienda kwa aliyefikwa na jambo, bado nasema "ihangane," kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo. Ila najitahidi nisiende bila mzigo wa nyasi kichwani.

Juzi jirani alipita njiani akamsalimia baba, akamuuliza habari zake. Baba alilitafuta neno. Mimi nilikuwa mlangoni, nilikuwa nalijua, nikanyamaza. Kuku wakapita. Kikombe cha chai kikapoa. Hatimaye neno likaja, lenyewe hasa.

"Ndaho," alisema. Nipo.